Kisa cha FliI: kimeng'enya kilichodhaniwa kuwa injini

Bakteria wa Salmonella aliyeondolewa jeni mbili, fliH na fliI, hakutazamiwa kuogelea. Aliogelea. Aliogelea kwa kujikongoja, lakini aliogelea, na taarifa hiyo ilipochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nature, maelezo yaliyokuwa yamezoeleka kuhusu namna bakteria wa aina hii wanavyotoa protini nje ya seli yalilazimika kurudi mezani.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha, kuliko kingine chochote ninachokijua katika fani hii, jinsi kimeng'enya kinavyoweza kuhitajika sana katika kazi fulani bila kuwa ndicho kinachotoa nguvu ya kuifanya. Mambo hayo mawili huchanganywa kila siku, hata na watu wazoefu, kwa sababu jaribio tunalolikimbilia kwanza, yaani kuondoa jeni na kutazama nini kinaharibika, haliwezi kuyatenganisha.

Tuitazame kazi yenyewe. Flajela ni uzi mrefu unaozungushwa na mota iliyofungwa kwenye utando wa seli, na ndio unaomsukuma bakteria majini. Unaweza kufikia mikromita 10 hadi 15, mara kadhaa ya urefu wa seli iliyouotesha. Sehemu kubwa ya uzi huo ni protini moja tu, flajelini, iliyopangwa kwa kurudiwa mara 20,000 au zaidi. Uzi haukui kutokea shinani. Hukua kutokea nchani. Kila molekuli ya flajelini hutengenezwa ndani ya seli, huvushwa utando, husafiri ndani ya mfereji wa uzi wenye upana wa nanomita 2 hivi, kisha hujikunja na kujipachika mwisho kabisa wa mstari. Mfereji huo ni mwembamba mno kwa protini iliyojikunja. Kwa hiyo molekuli hukunjuliwa kwanza, asidi amino zake zinazokaribia 500 zikapita moja nyuma ya nyingine. Na huko nje ya utando hakuna ATP, molekuli inayobeba nishati ya kuendeshea kazi za seli. Nguvu yoyote ya kusukuma lazima itumike pale pale kwenye utando, mikromita nyingi kutoka mahali ambapo protini itatua.

Mtambo unaovusha protini hizi huitwa mfumo wa utoaji wa aina ya III. Ndugu yake wa damu ni ile sindano ya molekuli ambayo Salmonella, Shigella na Yersinia huitumia kudunga protini zao ndani ya seli za mnyama wanayemshambulia. Lango la mtambo, lililojengwa kwa protini FlhA, FlhB, FliP, FliQ na FliR, limezama ndani ya utando. Chini ya lango, upande wa sitoplazimu, yaani ndani ya seli, hukaa kundi la protini tatu: FliH, FliI na FliJ. FliI ndicho kimeng'enya: huvunja ATP, na sita zake hujipanga kuwa pete.

Ushahidi wa kuifanya FliI injini ulikuwa mzito, na sitaki ionekane kwamba waliouamini walikuwa wazembe. Mwaka 1991 mpangilio wa asidi amino za FliI ulionekana kufanana na ule wa sehemu za ATP sinthesi, yule mtambo mashuhuri wa kila seli unaozunguka ili kutengeneza ATP. Mwaka 1996 Fan na Macnab walithibitisha kwamba FliI kweli huvunja ATP. Bakteria wenye FliI mbovu hawakuota flajela za kuonekana. Mwaka 2007 umbo lake la fuwele likatoka, na likalingana na vipande alfa na beta vya ATP sinthesi kiasi cha kushangaza. Miaka michache baadaye FliJ nayo ikaonekana kufanana na mhimili wa katikati wa mtambo huohuo, ule uitwao gama. Pete ya sita, mhimili katikati, ATP inavunjwa: nani asingesema hii ni mota inayosukuma protini?

Isitoshe, jirani alikuwa ameshathibitishwa kufanya kazi ya aina hiyohiyo. SecA, kimeng'enya cha njia kuu ya kuvusha protini katika utando wa ndani wa bakteria, kilishathibitishwa kuwa kinatumia ATP kusukuma protini kupitia lango la SecY. Hapo hakukuwa na kubahatisha. Mwaka 1990 kundi la Wickner lilichukua SecA iliyosafishwa, likaipa protini za lango zilizosafishwa na kupachikwa kwenye vifuko vya mafuta, likaongeza ATP, na protini ikavuka. Tabia ya SecA ikahamishiwa kwa FliI bila mtu kulazimika kuisema waziwazi. Hivyo ndivyo dhana huvuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine: kimyakimya, kwa kufanana.

Lakini kulikuwa na shahidi wa zamani aliyesahauliwa. Mwaka 1982 Galperin na wenzake walikuwa wameripoti kwamba flajela za E. coli haziwezi kukua bila nguvu-msukumo ya protoni. Nguvu hii inahitaji maelezo kidogo, maana kisa chote kinaning'inia juu yake. Bakteria anapopumua husukuma protoni nje ya utando wa ndani. Nje panakuwa na protoni nyingi na chaji chanya, ndani panabaki na chaji hasi. Protoni zinataka kurudi, na seli huziruhusu zirudi kupitia mitambo maalumu inayofanya kazi kwa kurudi huko. Nguvu hiyo ina sehemu mbili, tofauti ya umeme na tofauti ya pH, na sehemu hizo zinaweza kuvurugwa kila moja peke yake. Jambo hili la mwisho litakuja kuwa na maana.

Kwa nini basi ripoti ya 1982 haikumaliza ubishi mapema? Kwa sababu ATP na protoni ni sarafu zinazobadilishana. ATP sinthesi hutumia protoni kutengeneza ATP, na ikigeuzwa nyuma hutumia ATP kusukuma protoni. Ukimwaga kemikali kama CCCP, inayovusha protoni kiholela hadi tofauti iishe, huenda umeua protoni peke yake, au huenda umeiangusha na ATP pia. Uzi unaacha kukua, lakini hujui ni ukosefu wa kipi uliousimamisha. Mtu mwenye imani na FliI angeweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba protoni zilihitajika tu ili ATP ipatikane. Mwaka 2004 Wilharm na wenzake walionyesha kwamba sindano ya Yersinia nayo inahitaji nguvu ya protoni. Ushahidi ukaongezeka uzito, ila mlango wa kutorokea ulikuwa bado wazi.

Wa kuufunga ilibidi aje na seli isiyo na FliI kabisa.

Hapa inafaa kuitazama sahani, maana kila kitu kilitegemea namna ya kuitazama. Kipimo cha kawaida cha kuogelea ni agari laini, mchanganyiko unaokaribia kuwa maji, uliomiminwa kwenye sahani. Unachukua kijiti chenye bakteria na kudunga katikati. Bakteria wanaoogelea hula chakula kilichowazunguka, kisha hufuata kilicho mbele, na baada ya saa kadhaa unaona duara lenye ukingo mkali likitanuka. Wasioogelea hubaki kitone kizito palepale ulipodunga. Ukisoma sahani kwa wakati uleule unaofaa kwa bakteria wa kawaida, tofauti kati ya asiyeogelea kabisa na anayeogelea mara chache mno haionekani. Wote ni vitone. Iache sahani muda mrefu zaidi, na kile kitone kinaweza kuota wingu hafifu pembeni. Pengine upande mmoja tu unachomoza mfano wa kishungi: hapo seli moja imepata badiliko la jeni lililoiwezesha kwenda, na wazao wake wanawaacha wenzao nyuma. Vishungi hivyo ni hazina. Ukimchota bakteria wa kishungi na kusoma jeni zake, anakueleza ni sehemu gani ya mtambo inaweza kufidia kilichopungua.

Katika toleo lilelile la Nature la mwaka 2008 makundi mawili yalitoa ripoti zilizoelekeana. Tohru Minamino na Keiichi Namba wa Osaka ndio waliomwonyesha yule bakteria asiye na FliH wala FliI akiogelea kwa udhaifu. Walipotafuta mabadiliko yanayomwongezea uwezo, waliyakuta kwenye FlhA na FlhB, yaani kwenye lango lenyewe. Hilo peke yake ni ushahidi mkubwa. Kama FliI ndiyo iliyokuwa ikisukuma, kulegeza lango kusingetosha. Mlango uliofunguliwa haumsukumi mtu kupita. Kundi la Utah, Paul, Erhardt, Hirano, Blair na Hughes, lilifika palepale kwa njia nyingine: upungufu wa FliI ulifidiwa kwa kuongeza nguvu-msukumo ya protoni, au kwa kuongeza uzalishaji wa protini za flajela. Na pande zote mbili zilikuta kwamba nguvu ya protoni ikiondolewa, uvushaji unakoma.

Tazama jinsi mlango wa kutorokea ulivyofungwa. Katika seli isiyo na FliI, hakuna hoja ya kusema kwamba protoni zinahitajika ili ATP iilishe FliI. FliI haipo. Bado protini zinavuka, na bado zinakoma protoni zinapokosekana. Kwa hiyo protoni zina kazi yao wenyewe kwenye lango.

Ni lipi basi jukumu la FliI? Jibu la Minamino na Namba lilikuwa kwamba FliI na FliH husaidia protini kuingia langoni mwanzoni, na kwamba ATP hutumika kuliachilia kundi hilo kutoka kwenye protini inayokaribia kuvuka. Kukunjua na kuvusha kunakofuata ni kazi ya protoni. Hapa sisi wengine tulipata shida kidogo, kwa sababu mwaka 2005 Akeda na Galán walikuwa wameonyesha kwamba InvC, mwenza wa FliI katika sindano ya Salmonella, hutumia ATP kuitoa protini kwenye chaperoni yake, yaani protini inayoisindikiza, na kuikunjua. Ukisoma haraka, ripoti hizo mbili zinagongana. Ukisoma taratibu, hazigongani sana. Kuibandua protini kutoka kwa msindikizaji wake na kuifungua ncha ili iingie mlangoni ni maandalizi. Kuipitisha asidi amino mia kadhaa mfululizo ni safari. Kimeng'enya kinaweza kuifanya ya kwanza bila kuigusa ya pili.

Kuli hupakia shehena, na bila yeye bandari inazubaa, lakini meli haiendi kwa mabega yake. Mfano huu unafaa hadi hatua moja tu, kwa sababu FliI inafanya jambo ambalo kuli hafanyi: inabadilisha namna injini inavyotumia mafuta. Mwaka 2011 kundi la Osaka lilionyesha kwamba FliI na FliH zikiwepo, FliJ hushikana na FlhA kwa namna inayoliwezesha lango kutumia tofauti ya umeme peke yake. Zikiondolewa, lango linahitaji tofauti ya umeme na tofauti ya pH kwa pamoja. Ndiyo maana nilisema mgawanyiko wa sehemu mbili za nguvu ya protoni utakuja kuwa na maana. Seli isiyo na FliI haijakosa injini. Ina injini inayodai zaidi. Baadaye ikaonekana pia kwamba lango hili linaweza kutumia ioni za sodiamu badala ya protoni, jambo linalozidi kuonyesha kwamba lango ni mtambo kamili na si tundu tu.

Binafsi, ushahidi ninaouona kuwa mkali kuliko wote si ule wa 2008. Ni wa mwaka 2014, na nashangaa hautajwi mara nyingi inavyostahili. Watu wa Osaka hawakuiondoa FliI. Waliiacha mahali pake na kuichezea asidi amino moja, glutameti ya nafasi ya 211. Wakiigeuza kuwa aspateti, FliI huvunja ATP kwa nadra mno. Wakiigeuza kuwa glutamini, haivunji kabisa. Katika hali zote mbili flajela ziliendelea kuota. Kisha wakafanya kinyume: walikata kipande kidogo, asidi amino za 401 hadi 410. FliI hii iliyokatwa ilibaki na asilimia 40 ya uwezo wa kuvunja ATP, na flajela hazikuota.

Hebu tuyaweke matokeo hayo pamoja. ATP karibu haivunjwi, uzi unakua. ATP inavunjwa kwa kiwango kizuri, uzi haukui. Katika mtambo unaosukuma kwa ATP, kasi ya kuvunja ATP na kasi ya kusukuma lazima ziende sambamba. Ukipunguza moja, nyingine inapungua. Hapa hazijui habari za kila mmoja. Kinachoonekana kuhitajika ni pete ya FliI kuwa na umbo sahihi na kugusana sahihi na wenzake, ili lango liamshwe. Kuvunja ATP mara mojamoja kunatosha kuliamsha, na likishaamka linavusha protini moja baada ya nyingine kwa protoni.

Mwaka huohuo wa 2014 Erhardt na wenzake walitoa kipande kilichokuwa kimebaki. Walipata flajela zinazofanya kazi katika bakteria wasio na shughuli yoyote ya kimeng'enya hiki, pale nguvu ya protoni na kiasi cha protini za kuvushwa vilipoongezwa. Wakaonyesha pia kwamba kwa sindano ya Salmonella, kuongeza nguvu ya protoni kunafidia kukosekana kwa InvC. Tafsiri yao ni kwamba vimeng'enya hivi huongeza ufanisi hasa pale protini za kuvushwa zinapokuwa chache. Naiona tafsiri hiyo kuwa na akili. Seli halisi haina anasa ya kufurika protini za flajela. Ina zile inazozihitaji, zimechanganyika na maelfu ya nyingine, na mtu wa kuzikusanya na kuzipeleka langoni ni wa thamani kubwa.

Wapo wanaochukua kisa hiki na kukiendeleza kupita kiasi, wakisema ATP haina kazi katika utoaji wa protini kwa bakteria. Huko ni kutoka kwenye shimo na kutumbukia kwenye lingine. SecA bado imesimama palepale: kwa SecA, jaribio la protini zilizosafishwa lilifanywa, na ATP ilitosha kuvusha. Nguvu ya protoni huisaidia SecA, hasa baada ya hatua za mwanzo, lakini haichukui nafasi yake. Mfumo wa aina ya I, unaovusha hemolisini ya E. coli, sumu inayopasua seli za damu, kupitia HlyB, unategemea kimeng'enya kinachovunja ATP ambacho kimeungana na mlango wenyewe. Huwezi kukiondoa na kuliacha lango likiwa zima. Kila mfumo una kesi yake na mashahidi wake. Kufanana kwa pete ya FliI na ATP sinthesi kulikuwa kweli, na bado kuliwapotosha watu. Sasa tusichukue matokeo ya FliI nayo tukayapachika kila mahali.

Linabaki suala la dawa. Vimeng'enya vya ukoo wa FliI, kama InvC ya Salmonella, Spa47 ya Shigella, YscN ya Yersinia na EscN ya E. coli wanaosababisha kuhara, vimekuwa vikitazamwa kama shabaha: ukivizima, bakteria hubaki hai lakini hana sindano. Je, kisa hiki kinaharibu wazo hilo? Sidhani. Bakteria walio na kimeng'enya kibovu wanadhoofika vibaya katika hali ya kawaida, na kumpokonya bakteria ufanisi wakati wa maambukizi kunaweza kutosha. Lakini mtu anayepima kemikali za aina hiyo anapaswa kuwa mwangalifu kwa mambo mawili. Kwanza, kuipima kemikali kwa kiasi cha ATP inayovunjwa kwenye mirija ya majaribio kunaweza kumpa jibu la uongo: ile FliI iliyogeuzwa nafasi ya 211 ingeonekana imezimwa kabisa, na bado seli yake iliota flajela. Kemikali inayovuruga mgusano wa pete na lango inaweza kuwa na nguvu kuliko inayoziba mfuko wa ATP. Pili, vishungi vya kwenye sahani vinatuambia njia ya kukwepa iko wapi. Badiliko moja kwenye FlhA au FlhB lilitosha kumpa bakteria asiye na kimeng'enya sehemu kubwa ya uwezo wake. Kabla ya kuitangaza kemikali yoyote, ningetaka kuiona ikijaribiwa dhidi ya bakteria wenye mabadiliko ya namna hiyo langoni, na sahani zikiachwa muda wa kutosha kabla ya kusomwa.